Wageni wa Mwezi wa Tisa

Ukilisikia neno historia, msomaji, yamkini fikira zako huenda kwenye vita, wafalme, mikataba na siku za uhuru. Hayo ni mambo ya historia kweli. Lakini ziko habari nyingine ambazo nazo zina miaka yake, mashahidi wake na makosa yake, nazo hupita juu ya vichwa vyetu kila mwaka bila ya wengi wetu kuinua macho. Hizo ni habari za ndege na wadudu wajao na kuondoka kwa majira. Katika insha hii tutazitazama kutoka mahali pamoja, napo ni Milimani katika Nakuru, na zaidi katika miezi mitatu tu: Agosti, Septemba na Oktoba.

Milimani iko kaskazini mwa Nakuru, penye mteremko upandao kuelekea Menengai, mlima wa volkano wenye shimo kubwa kileleni. Upande wa kusini, chini kabisa, liko Ziwa Nakuru, ambalo maji yake ni ya magadi wala hayana mto wa kuyatoa. Reli iliyotoka Mombasa ilifika hapa mwaka 1900, mji ukatangazwa rasmi mwaka 1904, na tarehe 1 Desemba 2021 ukapewa hadhi ya jiji. Basi akaaye Milimani ana bahati ya pekee: nyuma yake ana mlima, mbele yake ana ziwa, na juu yake ana njia kuu ya ndege, kwa sababu Bonde la Ufa ni kama barabara ndefu ielekeayo kaskazini na kusini.

Miezi hiyo mitatu, huko Ulaya na Asia ya kaskazini, ni mwisho wa kiangazi na mwanzo wa majani kupukutika. Kwetu sisi hakuna majira ya namna hiyo. Ikweta hupita karibu, kaskazini ya Nakuru, na urefu wa mchana haubadiliki ila kidogo sana mwaka mzima. Majira yetu tunayahesabu kwa mvua: mvua ndefu za Machi hadi Mei, mvua za Agosti ambazo bonde hili huzipata, na mvua fupi za Oktoba na Novemba. Hata hivyo, mwisho wa kiangazi cha watu wa mbali hutufikia hapa Nakuru. Hautufikii kwa baridi wala kwa majani makavu. Hutufikia kwa mbawa.

Tuanze na mbayuwayu. Uzito wake haupiti gramu 20 hivi, nao ni pungufu ya uzito wa barua nzito. Mwezi wa Agosti, mbayuwayu wa Ulaya hukusanyika juu ya nyaya za simu, mamia kwa mamia, kisha siku moja nyaya huwa tupu. Hawafukuzwi na baridi yenyewe. Chakula chao ni wadudu warukao, na siku zikifupika wadudu hao hupungua, hata mwishowe hakuna. Ndege aliyelishwa na nzi hana budi kuwafuata nzi waliko. Kwa hiyo, kuanzia mwezi wa Septemba, mbayuwayu hao huonekana wakiruka chini chini juu ya mashamba ya ngano na mahindi ya Njoro na Rongai, na juu ya paa za Milimani. Keremkerem wa Ulaya, wala nyuki, hupita nao katika Septemba na Oktoba. Mara nyingi utasikia sauti zao kutoka juu sana kabla hujawaona. Korongo weupe huja baadaye, Oktoba na Novemba. Lakini wa kwanza kabisa ni kitwitwi na jamaa zake, ndege wadogo wa pwani na matope. Baadhi yao hutotoa mayai katika nchi za mbali karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, na wazee wao huwasili kando ya Ziwa Nakuru tangu mwezi wa Agosti, hali sisi bado tumevaa masweta ya mvua.

Jambo hili, ambalo leo laweza kuelezwa kwa maneno machache, liliwasumbua watu kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi kabla ya Kristo, aliandika ya kuwa mbayuwayu wengine hujificha mashimoni na kupoteza manyoya yao. Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu wa Sweden, aliandika kwamba mbayuwayu huzama maziwani, nao wavuvi huwavua wakiwa wameshikamana kama mpira. Usicheke, msomaji. Watu hao walikuwa na akili kama zako. Waliona ndege wakiruka juu ya maji jioni, asubuhi wasiwaone tena, nao wakaunganisha mambo mawili waliyoyajua. Walichokikosa ni shahidi wa upande wa pili.

Shahidi wa kwanza alitoka Afrika. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz katika Ujerumani, alipigwa risasi korongo mmoja ambaye shingo yake ilikuwa imechomwa na mshale mrefu. Walipouchunguza waliona kwamba mti wake na chuma chake vilikuwa vya Afrika. Ndege huyo alikuwa amechomwa huku, akapona, akaruka na mshale wake mpaka Ulaya. Mwili wake umehifadhiwa hata leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavika ndege pete za alumini zenye namba na anwani. Mwezi wa Mei 1911 mbayuwayu mmoja alivikwa pete katika jimbo la Staffordshire, Uingereza. Akaonekana Desemba 1912 katika Natal, Afrika Kusini. Pete hiyo ndogo ilimaliza ubishi wa karne nyingi. Na hapa Kenya, tangu mwaka 1969, katika hoteli ya Ngulia iliyoko Tsavo Magharibi, ndege wengi sana wa kaskazini wamenaswa kwa nyavu, wakavikwa pete na kuachiliwa, katika zile usiku za ukungu za Novemba na Desemba ambapo taa za hoteli huwavuta kutoka angani.

Angalia basi jinsi fumbo lilivyofumbuliwa. Halikufumbuliwa na mtu mmoja mwenye akili nyingi. Lilifumbuliwa na watu wawili wasiojuana, mmoja aliyeandika tarehe na mahali pa kuondoka, na mwingine aliyeandika tarehe na mahali pa kufika. Hilo ndilo neno ninalotaka ulishike tunapoendelea.

Sasa tuwatazame wadudu, kwa maana ndege wengi hufuata wadudu kama vile mchuuzi afuatavyo soko. Wazee wetu walilijua jambo hili tangu zamani. Ndiyo maana wakasema, vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mvua za kwanza zikilowesha ardhi kavu, kumbikumbi hutoka vichuguuni kwa maelfu. Saa hiyo utaona mwewe, mbayuwayu na hata ndege walao mbegu wakishuka pamoja bila ugomvi, maana karamu yatosha wote. Vipepeo weupe nao huhama kwa makundi, wote wakielekea upande mmoja, na mtu aweza kuwahesabu wakivuka barabara kwa dakika kumi na kupata habari yenye maana. Kalenda ya mbayuwayu huongozwa na jua. Kalenda ya kumbikumbi huongozwa na mvua. Katika Oktoba kalenda hizi mbili hukutana juu ya Nakuru, na ndiyo maana mgeni wa kaskazini hukuta meza imekwisha kuandaliwa.

Yuko mdudu mmoja ambaye safari yake yashinda hata ya ndege wengi. Naye ni kereng'ende, yule mwenye mbawa nne za kioo aonekanaye baada ya mvua. Katika visiwa vya Maldivi, ambavyo karibu havina maji baridi ya juu ya ardhi, kereng'ende wa aina moja hutokea kwa wingi kila mwezi wa Oktoba, ingawa hawana mahali pa kutagia. Charles Anderson, mtaalamu wa viumbe wa baharini aliyekuwa akikaa huko, aliandika tarehe za kufika kwao mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2009 alitoa hoja yake: kereng'ende hao hutoka Bara Hindi, huvuka bahari kwa msaada wa pepo za juu, wakapita Maldivi na Shelisheli hadi Afrika Mashariki, ambako mvua fupi huwapa madimbwi ya kutagia. Aina fulani za ndege walao wadudu, kama kozi wadogo watokao Asia, huvuka bahari hiyo hiyo wakati huo huo. Watu wa pwani yetu hawatashangaa sana. Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalingoja pepo za kaskazi ili yafike Lamu, Mombasa na Unguja. Mdudu mwenye urefu wa kidole naye ana nahodha wake.

Lakini upepo hauleti wageni wema peke yao. Nzige wa jangwani wameivamia Kenya mara nyingi, miaka ya mwisho ya 1920 na ya kwanza ya 1930, tena katika miaka ya 1950, na tena kuanzia Desemba 2019, walipoingia kutoka kaskazini kwa wingi usiopata kuonekana nchini kwa miaka 70. Korongo na ndege wengine huwafuata na kuwala, ila kundi la nzige likiwa kubwa, ndege hawawezi kulimaliza. Hapa pia maarifa yalikuja kwa kuangalia. Watu walidhani nzige wa makundi na panzi apendaye kukaa peke yake ni wadudu wawili mbalimbali. Mwaka 1921 Boris Uvarov, Mrusi aliyefanya kazi London, alionyesha kwamba ni mdudu mmoja ambaye hubadilika rangi na tabia wanapobanana. Tangu hapo watu waliacha kungoja makundi yafike, wakaanza kuwatafuta nzige jangwani wangali wachache. Mwaka 1962 nchi za sehemu hii ya Afrika ziliunda shirika moja la kupambana nao, kwa maana nzige hajui mpaka.

Natumai sasa waona kwamba habari hizi si mchezo. Lakini fundisho kubwa kuliko yote liko pale chini ya Milimani, katika ziwa lenyewe.

Ziwa Nakuru lilijulikana duniani kwa sababu ya heroe, ambao wengi huwaita flamingo. Yalikuwapo majira ambapo ukingo wote wa ziwa, ukitazamwa kutoka juu, ulikuwa kama kanga ya rangi ya waridi iliyotandikwa. Heroe mdogo huinamisha kichwa juu chini na kuchuja maji kwa mdomo wake, akila vijiumbe vya kijani viitwavyo spirulina, ambavyo husitawi katika maji ya magadi. Rangi yake nzuri hutokana na chakula hicho. Yeye hafuati kalenda ya jua wala ya mvua moja kwa moja. Hufuata hali ya maji. Magadi yakizidi au yakipungua kuliko kiasi, chakula hupungua, naye huondoka usiku kwenda Bogoria, Elementaita au ziwa jingine. Kwa muda mrefu hapakuwa na hakika hutagia wapi. Mwaka 1954 Leslie Brown, ofisa wa kilimo wa Kenya, akitazama kutoka ndani ya ndege, aliyaona makao yao katika Ziwa Natron, Tanganyika, mahali ambapo matope ya magadi humchoma mtu miguu. Mwaka 1962 mafuriko yaliharibu Natron, na heroe wakatagia Magadi. Huko magadi yaliganda miguuni mwa makinda kama pingu, na watu wakaingia matopeni kuzivunja, wakaokoa maelfu.

Katika miaka hiyo hiyo lilitendeka jambo jingine ambalo halikupigiwa ngoma. Maji ya kando ya Ziwa Nakuru yalikuwa mazalio ya mbu. Ziwa halikuwa na samaki wa kuwala viluwiluwi wao. Katika Magadi wako perege wadogo, yaani tilapia, waliozoea maji ya magadi ya moto. Basi katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 perege hao waliletwa wakatiwa katika Ziwa Nakuru, wapunguze mbu. Nia ilikuwa njema, wala hapana awezaye kuilaumu.

Samaki walizaana. Kisha wakaja wageni ambao hawakualikwa: mwari, ndege mkubwa mweupe mwenye mfuko chini ya mdomo. Walikuja kwa maelfu, kwa kuwa ziwa lililokuwa la wala spirulina sasa lilikuwa pia na samaki. Mnandi na korongo wavuvi waliongezeka. Furukombe, ambaye zamani katika ziwa hili alizoea kuwinda hata heroe, alipata kitoweo cha asili yake. Mwari walihitaji mahali salama pa kutagia, nao mwishoni mwa miaka ya 1960 wakashika visiwa vya mawe vya Ziwa Elementaita, mahali ambapo heroe wakubwa walikuwa wakitagia. Hao heroe wakasukumwa kando. Na kwa kuwa Elementaita haikuwa na samaki wa kuwatosha, mwari walizoea kupanda angani asubuhi jua linapopasha hewa, wakavuka vilima hadi Nakuru kuvua, wakarudi na chakula cha makinda. Tafakari mnyororo huu. Mkono wa mtu ulilenga kiluwiluwi cha mbu katika ziwa moja, ukamgusa heroe katika kisiwa cha ziwa la pili.

Waliotia samaki walitafuta dawa ya mbu, hawakutafuta mwari. Sisi twajua yaliyofuata kwa sababu wako walioandika mwaka ambao samaki waliletwa, na mwaka ambao mwari walionekana wakitaga. Kama miaka hiyo isingaliandikwa, leo mtu angalikuja Elementaita, akawaona mwari mawemawe, akadhani wamekuwapo tangu dunia iumbwe.

Ziwa lenyewe lililindwa hatua kwa hatua. Sehemu yake ilitengwa kuwa hifadhi ya ndege mwaka 1960, likawa mbuga ya taifa mwaka 1968, likaandikwa mwaka 1990 katika mkataba wa Ramsar wa maeneo ya maji, na mwaka 2011 likatiwa, pamoja na Bogoria na Elementaita, katika Urithi wa Dunia. Lakini mpaka wa mbuga hauzuii maji. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yalipanda. Ziwa Nakuru likameza miti ya ukingoni, barabara na majengo ya mbuga, na kufikia mwaka 2020 nyumba za watu wa mitaa ya kando ya ziwa. Maji yalipozidi, magadi yalipunguzwa nguvu, spirulina ikapungua, na heroe wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Samaki wakaongezeka. Zile picha za zamani za ziwa la waridi zimekuwa nazo ni hati za historia.

Je, heroe watarudi kwa wingi ule wa kale? Hilo litaamuliwa na maji, na maji huamuliwa na mvua, na misitu ya Mau yanakotoka mito, na mitaro ya mji, na mambo mengine ambayo baadhi yamo mikononi mwa watu. Lakini neno moja ni hakika: yeyote atakayetaka kulijibu swali hilo baada ya miaka 30 atahitaji maandishi ya leo.

Hapo ndipo kazi yako inapoingia, msomaji. Kazi hii haihitaji fedha. Chukua daftari. Andika tarehe, mahali, saa, hali ya mvua, ndege au mdudu uliyemwona, na idadi yake. Usipojua jina lake, eleza rangi, ukubwa, mdomo na alivyokuwa akila. Jina laweza kupatikana baadaye, lakini siku iliyopita hairudi. Andika siku ya kwanza kumwona mbayuwayu mwezi wa Septemba. Andika siku ya kumbikumbi. Andika mijakaranda ya Milimani inapochanua na nyuki wanapoijia. Na siku ambayo hukuona kitu, andika pia kwamba hukuona, kwa kuwa ukosefu nao ni habari. Aliyeandika siku ambayo heroe hawakuwapo amelitendea ziwa wema sawa na aliyewaandika walipokuwapo. Wala usiandike ulilolitazamia mahali pa ulilolitazama. Olaus Magnus aliandika mengi, lakini aliandika pia aliyoambiwa kana kwamba yameonwa.

Ukurasa mmoja wa daftari lako hautakuwa na maana kubwa. Kurasa za mwaka mmoja zitakuwa na maana kidogo. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Kurasa za miaka 10, zikiwekwa kando ya kurasa za mwenzako wa Naivasha au Baringo, zaweza kuonyesha kama wageni wa kaskazini wanachelewa, kama mvua zinahama, na kama mdudu fulani anapungua kabla hajatoweka. Mwalimu wa Denmark alikuwa na pete za alumini. Wewe una kalamu. Mbayuwayu watakaovuka paa za Milimani mwezi wa Septemba ujao wameanza safari yao mahali ambapo labda kijana mwingine amekwisha kuandika tarehe ya kuondoka kwao. Inabaki tarehe ya kufika.